Kishikio cha Thamosi ya Baba

Siku ile dukani Kibwezi nilimchosha muuza spea mpaka akaacha kunijibu. Nilikuwa nimeiingiza baiskeli yangu hadi ndani, katikati ya matairi na makopo ya nati. Kila kishikio cha chupa alichonitolea nilikifunga kwenye fremu, nikatia chupa iliyojaa maji, kisha nikainua gurudumu la mbele na kuliachia lianguke kwenye sakafu ya simenti. Chupa ikiruka, nakifungua kishikio na kudai kingine. Sakafu yake ililowa. Wateja waliokuja kutafuta tyubu na raba za breki walisimama mlangoni wakanitazama, wakaamua kurudi baadaye.

"Dada," alisema hatimaye, "hebu niambie unachotafuta, nikusaidie. Wenzako wananunua, wanafunga, wanakwenda zao."

Alikuwa mtu wa kofia nyeupe, wa ukoo uliotoka pwani zamani ukabaki hapa kando ya barabara ya Mombasa, na Kiswahili chake kilinyooka hata nikaona haya kufungua mdomo. Lakini haya yenyewe ilikuwa imeniisha siku nyingi.

"Natafuta yenye haiachilii chupa," nikamwambia. "Hata ukipita mahali mbaya namna gani."

"Hicho hakijatengenezwa."

"Basi nipatie chenye kinakaribia."

Alidhani nina kichwa kigumu. Kichwa kigumu ninacho, hata fundi wa cherehani anayekaa jirani nami sokoni atakwambia. Lakini siku ile ilikuwa ni hofu. Nilikuwa nikilala nayo na kuamka nayo tangu kiangazi kilipoanza, na kwa sababu hakuna jambo lingine katika maisha yangu ambalo ningeweza kuliamua, hofu yote niliileta kwenye kale kawaya ka kushikia chupa.

Baba yangu alikuwa anapotea. Sisemi kupotea kwa akili tu, ingawa hiyo nayo ilikuwa inakwenda, na daktari alishatuambia waziwazi kwamba ubongo unasinyaa na hakuna dawa ya kuurudisha. Nasema kupotea kwa miguu. Alikuwa anaamka, anavaa koti lake la Jumapili na kofia, anachukua fimbo, anatoka. Ukimuuliza anakwenda wapi, anakujibu kwa heshima zote kwamba anakwenda Kibwezi, kazini, na kwamba amechelewa. Ujanani alikata mkonge kwenye shamba moja huko. Nyapara wake alishakufa nikiwa bado mtoto, lakini baba alikuwa anamwogopa bado.

Sisi kwetu ni upande wa Ikutha, kusini ya Kitui, mahali ambapo kiangazi kikikaza hata punda wanatafuta kivuli cha nguzo. Kibwezi iko Makueni, ng'ambo ya mto Athi. Mtu mzima mwenye nguvu zake hawezi kwenda huko kwa miguu siku moja. Mzee aliyesahau kwamba kiu ni kitu cha kushughulikiwa hawezi kabisa. Hilo ndilo lililokuwa linaniua. Baba hakuwa tena na ile akili ya kusema nina kiu. Angeweza kukaa tangu asubuhi bila tone, midomo imepasuka, ukimuuliza kama anataka maji anasema hapana mama, asante, nimeshiba.

Watu waliniuliza kwa nini nisikodi bodaboda nikamtafute upesi. Nilijaribu. Baba akisikia pikipiki anatoka njiani na kuingia kichakani, anajibanza, na vichaka vyetu ni vya miiba na vimeshikana. Ukimpita, umempita. Baiskeli hakuiogopa. Alikuwa nayo mwenyewe zamani, na akisikia kengele anasogea kando na kusubiri kusalimiana. Kwa hiyo nikanunua baiskeli ya mtumba, ya gia, na mama mzima wa miaka yangu nikaanza kuonekana njiani nimefunga leso kiunoni nakanyaga pedali. Wamama wa kanisa walicheka mpaka wakachoka. Mmoja alisema ninajitafutia bwana. Nilimwambia akimwona baba yangu anipigie simu, na huyo bwana amweke yeye.

Baiskeli ilikuja na kishikio kimoja cha alumini, chembamba, kimefungwa kwa skrubu mbili kwenye bomba la chini la fremu. Sikukitazama mara ya pili. Nilitia chupa ya maji, nikaona imekaa, nikasema sawa.

Kisha ikaja siku ya kichakani. Baba alitoka mimi nikiwa sokoni nakata vitambaa vya sare, akaacha barabara kubwa na kushika njia ya mbuzi inayokwenda mtoni. Huko hakuna nyumba. Nilifuata alama ya fimbo yake kwenye vumbi, nikipita juu ya mizizi na mawe, nikishuka makorongo makavu na kupanda, na jua lilikuwa limesimama utosini. Nilimkuta amekaa chini ya mti wa mukau ambao ulikuwa umeshapukutisha majani, koti limefungwa vifungo vyote. Macho yalikuwa wazi lakini hayakunifuata. Ulimi ulikuwa umekauka na kuwa mweupe. Nilimwita, akatikisa midomo bila sauti.

Nikarudi kwenye baiskeli mbio kuchukua maji, na kishikio kilikuwa kitupu.

Sijui chupa ilianguka wapi. Ile njia nzima ilikuwa ni kurushwarushwa, na alumini ile ilikuwa imepanuka kidogo kidogo bila mimi kujua, na mahali fulani iliiachilia na mimi sikusikia. Nilisimama nimeshika ule waya. Halafu nikalia kwa sauti, kule porini, kama mtu aliyefiwa, kwa sababu niliamini nimefiwa. Baba yangu alikuwa hai mbele yangu na sikuwa na hata mate ya kumpa.

Mama mmoja aliyekuwa anatoka mtoni na punda wake wa maji alisikia kile kilio akaja. Alifungua mtungi mmoja, akawa anamwekea baba maji mdomoni kwa kifuniko, kidogo kidogo, akinikemea ninyamaze nimshike kichwa. Punda mmoja ndiye aliyembeba mpaka barabarani. Zahanati walimtundikia maji ya mshipa, na jioni alikuwa ameketi kitandani anawauliza manesi kama wamemwona nyapara.

Tangu siku hiyo nilikichukia kile kishikio kwa chuki ambayo mtu humpa mtu. Nilikifungua nikakitupa chooni.

Ndugu yangu, ambaye anafanya biashara ya mbuzi Mwingi na anamwona baba Krismasi mpaka Krismasi, alipiga simu. Alikuwa na suluhisho. Wanaume wa kwetu walio mbali hawakosi suluhisho.

"Tafuta kufuli," akasema. "Funga huyo mzee ndani ukienda soko. Akikosa mlango atatulia."

"Umewahi kumwona akikosa mlango?"

"Si atazoea."

"Atagonga mpaka mikono ichubuke, na mimi ndio nitapaka dawa. Wewe utakuwa Mwingi unauza mbuzi."

"Sasa unataka nini? Uendelee kumfukuza na baiskeli kila siku? Siku moja utamkuta amekufa, na ni wewe ulikataa."

Nikakata simu. Neno hilo lilibaki sikioni wiki nzima. Nilikuwa napima mabega ya watoto wa watu kwa sare za shule na neno hilo liko sikioni. Ni wewe ulikataa. Nilijua huenda anasema kweli, na hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi. Lakini mimi ndiye niliyemwona baba akisimama mbele ya mlango uliokwama siku moja tu, kwa upepo, jinsi alivyoanza kuomba msamaha. Alikuwa anauomba mlango msamaha. Kufuli sikuliweza. Kwa hiyo lililobaki lilikuwa kumfuata, na kama ni kumfuata, basi maji yafike.

Hapo ndipo mambo ya chupa yalipoanza kunichanganya kichwa. Kwanza nilinunua ile chupa ya wakimbiaji, yenye chuchu ya kufyonzea juu, ambayo ndiyo inaingia vizuri kwenye vishikio vya kawaida. Nikamjaribisha baba nyumbani. Akaitazama, akanitazama.

"Mimi ni mtoto wa kunyonya?" akaniuliza, na kuikataa kwa mkono.

Nikajaribu chupa ya soda. Akainua, maji yakamwagika kifuani kwa sababu mikono inatetemeka, akaona aibu, hakuigusa tena. Akili ilikuwa imeondoka na aibu ikabaki, na mimi nilikuwa naiona kila siku. Mwishowe nikamtolea thamosi ndogo ya marehemu mama, ile ya kupelekea chai shambani, ambayo kifuniko chake ni kikombe chenye mkono. Nikammiminia nusu kikombe. Akapokea kwa mikono miwili, akanywa yote, akarudisha kikombe, akashukuru. Kikombe alikikubali, kwa sababu kikombe ni kitu cha watu wazima.

Kwa hiyo nilikuwa nakwenda Kibwezi kutafuta kishikio cha kubeba thamosi. Na thamosi ni nzito, ni nene, ni laini nje kama yai. Hakuna aliyetengeneza kishikio akiifikiria.

Muuza spea nilimweleza yote haya siku ile, katikati ya lile dimbwi la maji nililomfanyia. Sikukusudia kumweleza. Alinisikiliza huku ameshika kitambaa cha kupangusia, kisha akavuta sanduku jingine kutoka chini ya kaunta, na tangu hapo hakuniuliza tena natafuta nini.

Vya plastiki vilikuwa vyeusi na vizuri kwa macho, na vilibana. Lakini nilikipinda kimoja kwa kidole nikaona alama nyeupe kwenye kona, nikajua jua la kwetu litakimaliza kabla ya mvua. Alumini nilikataa hata kushika. Kulikuwa na kimoja cha chuma cha fimbo nene, kizito, kimechomelewa, kimeanza kutu kidogo kwenye kiungo. Kilikuwa kipana kuliko vingine na hakikupinda. Tatizo, thamosi ilicheza ndani yake.

"Hiki kingekufaa, lakini kinapwaya," akasema.

"Kupwaya ni kazi yangu," nikamjibu. Mimi ni mshonaji. Nguo inayopwaya ndiyo inanipa chakula.

Nikachukua na cha pili, cha kufungwa kwa klampu kwenye bomba lisilo na matundu, kwa ajili ya chupa yangu mwenyewe. Hicho sikukijaribu sana. Yangu ikianguka, nitajua la kufanya.

Nyumbani nilishona fuko la thamosi kwa kitambaa cha kaki kilichobaki kwenye kaptula za shule, nikaliwekea pamba kati, likaingia kwenye chuma kwa kusukumwa. Juu ya shingo nikapitisha blada, ule utepe wa mpira unaokatwa kwenye tyubu kuukuu, nikaukaza kwa fundo la kufungulika kwa mkono mmoja. Nilipanda baiskeli nikashuka nayo korongo la nyuma ya shule, makusudi, nikapanda, nikashuka tena. Thamosi haikusogea hata kidogo. Nililala usingizi siku hiyo. Nilidhani nimelishinda jambo.

Alipotoka tena ilikuwa asubuhi, na mimi nilikuwa nyuma ya nyumba naanua nguo. Niliporudi kiti kilikuwa kitupu na koti halipo. Sikupiga kelele. Nilijaza thamosi, nikaikaza, nikajaza yangu, nikatoka.

Hakwenda njia ya mbuzi. Alikuwa ameshika barabara kubwa, kwa hiyo nikauliza nyumba hadi nyumba. Na nyumba ya kwanza tu nikaanza kuelewa kitu ambacho sikuwa nimekifikiria katika kuchagua kwangu kote.

"Mzee aliyepotea?" akasema mwenye nyumba. "Hapana. Hapa hajapita mtu amepotea."

"Amevaa koti na kofia. Ana fimbo."

"Aa, huyo? Huyo hajapotea, anaenda Kibwezi. Ametusalimia vizuri sana. Amesema anangojewa huko."

Ndivyo baba alivyokuwa akisema siku hizi, kwamba anangojewa. Na mzee wa Kikamba aliyevaa koti siku ya kazi, ana fimbo, anatembea peke yake na kusema anangojewa mahali, kwetu maana yake ni moja. Anakwenda kwenye mazungumzo ya mahari ya msichana wa mtu. Mzee wa namna hiyo humcheleweshi. Ukimchelewesha, unaharibu arusi ya watu. Kwa hiyo yule mwenye nyumba alimpa maji, akampa kiti, na baba alipoinuka, akafanya kama tulivyofunzwa sote: akamsindikiza. Alimfikisha mpaka kwenye mpaka wa shamba lake, akamwonyesha njia fupi ya kurudi barabarani, akampa mkono wa kwaheri.

"Nuvoo yake ilikuwa sawa kabisa," akaniambia, akimaanisha salamu. "Alijibu kila kitu."

Ni kweli. Salamu hazikuwa zimemtoka hata moja.

Nyumba ya pili walimsindikiza mpaka kwenye nyumba ya tatu. Ya tatu walimpa uji. Kijana wa mkokoteni wa punda, wa kubeba mitungi, alimpandisha akampunguzia kilima kizima, akakataa hata kushukuriwa. Kwenye kituo cha matikiti wanawake waliokuwa wanapakia pikapu walimwombea nafasi mbele, kwa dereva, kwa sababu mzee wa mahari hawezi kukaa nyuma na matikiti. Kila mtu alinisimulia kwa furaha. Kila mtu alikuwa amefanya jambo jema. Nilitaka kumpiga mtu. Ningejua nani wa kumpiga ningempiga, lakini mbele yangu kulikuwa na watu wenye adabu tu, nyumba kwa nyumba, na adabu hiyo ilikuwa inamsukuma baba yangu mbali nami kwa kasi ambayo baiskeli haingeweza.

Na maji walimpa wote. Hakuna nyumba iliyomwacha apite bila maji. Aliyekuwa na kiu siku ile nilikuwa mimi. Chupa yangu iliisha kabla ya daraja la Athi, na kile kishikio cha klampu kilikuwa kimezunguka bomba na kugonga goti langu njia yote. Thamosi sikuifungua. Najua ni ujinga. Watu wangenipa maji mahali popote, na mara mbili walinipa, lakini hata pale nilipokuwa peke yangu kwenye tambarare, ulimi umeshikana na meno, niliitazama ile thamosi kwenye kaki yake na sikuigusa. Nilikuwa naongea nayo. Nilikuwa naiambia ngoja. Nilikuwa nasali na kutukana kwa pumzi moja, na sikujua tena ni ipi Mungu anaisikia.

Nilivuka daraja nikaingia Makueni. Nilipouliza, niliambiwa dereva wa pikapu alikuwa amemshusha mbele kidogo, kwa sababu baba aliona shamba la mkonge, mabaki tu ya mstari wa mpakani, akasema amefika.

Nilimpata kwenye boma lililo ndani kidogo ya barabara. Alikuwa amekaa kwenye kiti kizuri cha mbao, kivulini mwa ghala, viatu vimevuliwa na kupangwa kando, sahani ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, mapajani. Mama mwenye boma alikuwa amekaa kwenye kigoda mkabala naye. Baba alikuwa anacheka. Kwa muda mrefu sana sikuwa nimeuona ule mwanya wa meno yake.

Nilitupa baiskeli chini, halafu nikakumbuka thamosi nikaiinua na kuisimamisha. "Baba," nikasema.

Tulikuwa tunaongea Kikamba, kama tunavyoongea siku zote. Akaniangalia kwa upole.

"Karibu mama," akasema. "Umetoka mbali. Mpeni maji huyu."

"Baba, ni mimi."

Akamgeukia mwenye boma, kama mtu anayeomba kusaidiwa kumtambua mgeni. Yule mama akanipima kwa macho kuanzia vumbi la miguuni hadi leso iliyolegea kichwani.

"Mzee, unamjua huyu?" akamuuliza.

"Hapana," akasema baba. "Lakini ni mtoto wa watu. Ana kiu."

Nilitoa simu nikamwonyesha yule mama picha, mimi na baba tumekaa mbele ya nyumba yetu. Akaitazama, akamtazama baba, akaweka mkono mdomoni. Alikuwa mtu wa kanisa, nililijua hilo kwa kalenda ya ushirika iliyoning'inia mlangoni mwake, na sasa alikuwa ameelewa yote na hakujua afanye nini na uelewa huo. Akaenda ndani akaniletea maji kwenye kikombe. Nikanywa hapo hapo, nimesimama, mbele ya baba, na machozi yalikuwa yanaingia kwenye kikombe na mimi naendelea kunywa. Baba aliangalia pembeni ili asinitie aibu.

Nilimwambia twende nyumbani, akasema yeye yuko nyumbani kwa watu wazuri na kesho ana kazi. Nilimshika mkono, akautoa, bila hasira, jinsi mtu anavyotoa mkono wake kwa mgeni aliyezidisha kuushika. Mwenye boma alimwambia huyu ni binti yako, mzee. Baba akasema anaye binti, ndiyo, lakini bado mdogo, yuko shule.

Nilikaa chini. Sikuwa na mpango tena. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta amelala kichakani, nimejiandaa kumkuta amekufa, nilikuwa na maji yasiyomwagika, na sikuwa nimejiandaa kwa baba aliyeshiba anayenionea huruma. Nikayafikiria yale maboma yote ya njiani, jinsi walivyomsindikiza mlango kwa mlango. Nikainuka, nikakung'uta vumbi, nikashika usukani wa baiskeli.

"Mzee," nikasema, "mimi naenda upande wa Ikutha. Njia siijui vizuri. Nisindikize."

Akaweka sahani chini papo hapo. Akavaa viatu, akafunga vifungo vya koti, akatafuta fimbo. Mzee hawezi kukataa kumsindikiza mgeni, na huyu alikuwa mzee kamili. Mwenye boma aliniangalia nikaona amepata tumaini, na mimi nililipata pia, nusura nicheke. Tukatoka. Alitembea upande wa pili wa baiskeli, mkono wake mmoja kwenye kiti, akinisaidia kuisukuma. Aliniuliza kama mvua imenyesha kwetu. Nikamwambia bado. Aliniuliza mbuzi wanaendeleaje. Nikamwambia wamekonda. Akasema pole, Mungu atakumbuka. Nilikuwa nahesabu kichwani: tukifika barabarani nitasimamisha gari lolote, nitamwomba dereva, tutapanda.

Akaigonga thamosi kwa kidole.

"Hii umeifunga vizuri," akasema. "Haitaanguka."

Nikasimama. Nikalegeza blada, nikaitoa kwenye kaki, nikafungua, nikammiminia nusu kikombe kama anavyopenda. Maji yalikuwa baridi bado. Nikampa kwa mikono miwili. Akakitazama kikombe, akakitazama sana, kisha akakirudisha kwangu kwa mikono miwili vilevile.

"Hapana mama. Hayo ni ya safari yako. Mimi nimefika."

Nilimwambia anywe kidogo tu. Akasema mtu hanywi maji ya msafiri. Nikayarudisha kwenye thamosi, na mengine yakamwagika chini.

Pale kijia cha boma kinapokutana na barabara kuu, akasimama. Aliondoa mkono wake kwenye kiti cha baiskeli. Nilijua kabla hajasema. Kusindikiza kuna mwisho wake, kila mtu kwetu anajua, unamfikisha mgeni barabarani na hapo unamwachia Mungu. Akanipa mkono.

"Fuata lami hii, usiiache," akasema. "Ukifika darajani uliza tena. Mimi wacha nirudi, nisije nikatafutwa kwetu."

Akageuka. Alikuwa anatembea vizuri, fimbo inagusa chini kwa mpango, mgongo umenyooka. Gari moja lilipita, la pili likapita, sikuinua mkono. Ningeinua nimwambie dereva nini? Nilimwita baba kwa sauti yangu yote, na hakugeuka, kwa sababu hakukuwa na mtu barabarani ila yule mwanamke mgeni, ambaye walikuwa wameshaagana naye.

Nikageuza baiskeli nikamfuata. Aliposikia magurudumu kwenye kokoto alisogea kando kunipisha, akaona ni mimi, akashangaa kidogo.

"Umesahau kitu, mama?" akaniuliza.

"Ndiyo," nikamwambia.

Akaniangalia usoni muda mrefu, akaona jinsi nilivyokuwa, akanihurumia. Akashika tena kiti cha baiskeli kwa mkono wake.

"Basi usilie," akasema. "Twende tukakitafute."